Utendi wa Mwana Kupona: imani, woga, au ndilo pekee lililoruhusiwa kuandikwa?

BintiMajengo aliandika:
Salaam wadau. Nimechoka kusikia Utendi wa Mwana Kupona ukitajwa kama mwongozo wa kumfunga mwanamke. Juzi tu kwenye kikao cha kina mama hapa Pumwani, dada mmoja msomi alisimama akasoma beti mbili tatu za kumpapasa mume na kumpepea, ukumbi ukaangua kicheko, na hukumu ikapita hapo hapo. Hakuna aliyeuliza mwanzo unasemaje wala mwisho unasemaje.

Mwanzo ni huu:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

Yaani: sogea binti yangu mwenye miaka michache, usikilize wasia, huenda ukauzingatia. Anayesema ni mama mgonjwa. Ubeti wa pili anataja kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Ni 1858, Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu kisiwani Pate, mumewe, ameshafariki tangu 1856, na yeye mwenyewe inakadiriwa aliaga dunia kati ya 1860 na 1865. Anamwita bintiye Mwana Hashima asogee amwachie kilichomo moyoni. Halafu sehemu kubwa ya mwisho ni dua: anawaombea watoto, anawaombea ndugu, anajiombea afya na mwisho mwema. Hizo hazisomwi vikaoni.

Msimamo wangu ni kwamba hii ni kazi ya dini kwanza, ndoa inafuata. Mama yule aliamini kila neno, na tunamdhulumu tukimgeuza ama mtumwa ama mchekeshaji. Mnaonaje? Na je, wako wanawake wengine wa zamani walioandika namna hii, au ni wa kwetu pwani peke yao?

Mwalimu_Kayole aliandika:
Uzi mzuri. Mimi nafundisha Kiswahili, na swali hili huja kila nikigusa tendi darasani. Huwa nawarudisha wanafunzi kwenye zile radhi tano:

*Nda Mngu na Mtumewe*
*baba na mama wayuwe*
*na ya tano nda mumewe*
*mno imekaririwa*

Mume ni wa tano. Kabla yake yupo Mungu, Mtume, baba na mama. Lakini mstari wa mwisho nao upo, kwamba hiyo ya tano imekaririwa mno. Kwa hiyo anayesema mume si lolote amekosea, na anayesema shairi zima ni mume amekosea. Huko nyuma kabla ya kufika kwa mume kuna adabu, ukweli, kuchunga ulimi na kushika dini, mambo ambayo hata mtoto wa kiume angeambiwa.

WanjiruK aliandika:
Naheshimu imani, lakini BintiMajengo umeruka siasa. Siyu ya wakati ule haikuwa kijiji cha amani. Bwana Mataka alimpinga Seyyid Said wa Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalishindwa pale. Sasa huyu hapa mjane wa kiongozi aliyekuwa akiwindwa, anaumwa, ana binti asiye na baba. Atamwachia nini? Ngome si yake. Askari si wake. Anamwachia mbinu.

Tazameni ule ubeti usemao *mtunde kama kijana, asiyoyua kunena*. Mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema! Katika picha hiyo mwenye akili ni nani, na mwenye mamlaka ni nani? Wapo wasomi walioandika kwamba shairi hili lina maneno ya chini kwa chini, kwamba mwanamke msikilizaji alisikia lake na mwanamume lake. Mimi niko upande huo. Ni kitabu cha kuokoka.

UstadhSouthC aliandika:
Dada Wanjiru, pole pole. Kumtunza mtu kama mtoto ni upole, si dhihaka. Mama anayejiandaa kukutana na Mola wake hatumii pumzi zake za mwisho kumcheka marehemu mumewe. Soma pale anapoeleza alivyoishi na baba yake Mwana Hashima kwa heshima mpaka mauti yalipokuja, na mzee akaondoka akiwa radhi naye. Huo ni ushuhuda wa mtu aliyeridhika.

Kuhusu wengine: mtafuteni Nana Asma'u wa Sokoto, mke wa Sheikh Usman dan Fodio. Aliandika mashairi ya dini mengi sana, ya wanawake na ya wanaume.

NoorEastleigh aliandika:
Ustadh, Nana Asma'u alikuwa binti wa Sheikh Usman, si mke. Alizaliwa 1793, akafariki 1864, kwa hiyo yeye na Mwana Kupona waliishi zama moja, mmoja Afrika Magharibi na mwingine kisiwani Pate. Aliandika kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Lililonivutia zaidi kuliko mashairi yenyewe ni njia aliyoyasambazia. Alikuwa na mtandao wa wanawake uitwao Yan Taru. Kiongozi wa kila kundi, jaji, alipewa kofia ya ukili, na Asma'u mwenyewe akaifunga kitambaa chekundu. Wanawake watu wazima na wasichana wadogo wa vijijini walimfuata jaji hadi kwake, wakajifunza mashairi kwa moyo, wakarudi kuyafundisha majirani. Yule aliyekuwa katikati, mwenye umri wa kulea, alibaki nyumbani na somo likamfuata huko.

UstadhSouthC aliandika:
Shukrani kwa sahihisho, Bi Noor. Binti wa Sheikh, ndivyo.

Kevo_Umoja aliandika:
Niko hapa kusoma tu. Lakini swali moja: wanawake wa pande zote za dunia walikaa wapi wakakubaliana kuandikia mabinti zao habari za kutii? Haiwezi kuwa bahati.

MamaTeri aliandika:
Kevo, hawakukubaliana. Waliruhusiwa.

Mimi ni Mkatoliki, nitatoa mfano wa kwetu. Teresa wa Avila, Uhispania, alizaliwa 1515. Aliandika maisha yake ya sala kwa sababu mapadre waungamishi wake walimwagiza aandike, na kila ukurasa utakuta anajieleza: mimi mwanamke tu, sijasoma, naandika kwa utii. Mwaka 1559 Baraza la Kuhukumu Uzushi lilipiga marufuku vitabu vingi vya ibada vilivyokuwa kwa lugha ya watu wa kawaida, na Teresa, ambaye hakujua Kilatini, anaandika jinsi ilivyomuuma kunyang'anywa vitabu alivyovipenda. Kisha kitabu chake mwenyewe nacho kikachukuliwa kukaguliwa. Mwanamke katika hali hiyo akitaka kusema jambo zito, mlango uliopo ni mmoja: aseme ni ibada, aseme ni utii. Akishaingia ndani anasema mengi. Mwaka 1970 Papa Paulo VI akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho.

Kwa hiyo maelezo yangu si imani peke yake wala si woga. Ni ruhusa. Utii ndio uliokuwa kibali cha kushika kalamu.

BintiMajengo aliandika:
Mama Teri, nakushukuru, lakini huko Siyu nani alimpa Mwana Kupona ruhusa? Hakuna padre wala baraza. Alimwita mwanawe, akaanza kusema.

MsomajiNgara aliandika:
Naongeza wa mbali zaidi. Uchina, Ban Zhao, karne ya 1 na ya 2. Kakake, Ban Gu, alifia gerezani mwaka 92 akiwa hajamaliza historia ya utawala wa Han, na Ban Zhao ndiye aliyeombwa kuimalizia. Msomi hasa. Baadaye, akiwa mjane na mgonjwa, akaandika mafunzo kwa mabinti wa ukoo wake: unyenyekevu, kumheshimu mume, kukaa vizuri na wakwe na mawifi. Anaanza kwa kusema anaumwa na hajui atabaki siku ngapi. Mnaona? Kitanda kile kile cha Mwana Kupona, miaka zaidi ya 1,700 kabla yake.

Lakini humo humo analalamika kwamba watu wanawasomesha wavulana tu. Anauliza, binti atawezaje kutimiza wajibu wake kama hakufundishwa? Yaani anatumia utii kudai elimu. Hapo Mama Teri amepata nguvu.

Na kuna nyongeza nisiyoweza kuiacha. Wifi yake, Cao Fengsheng, aliandika barua ya kumpinga. Historia ya utawala ule imetaja kwamba barua hiyo ilikuwepo na kwamba maneno yake yalistahili kusomwa. Barua yenyewe haipo. Mafunzo ya Ban Zhao yalinakiliwa kizazi kwa kizazi, msomi mmoja mashuhuri wa wakati wake akawaamuru mke na mabinti zake wayasome. Pingamizi la wifi likapotea.

Kevo_Umoja aliandika:
Wifi ni wifi popote duniani 😂 Hata Uchina ya kale alikuwa na la kusema.

WanjiruK aliandika:
Kevo cheka, lakini Msomaji ametoa hoja kubwa kuliko zetu zote. Tunabishana kwa nini wanawake waliandika utii, kumbe labda waliandika kila kitu, na utii ndio uliohifadhiwa. Aliyekuwa na sanduku la kuwekea karatasi ni nani? Aliyekuwa akilipa mnakili ni nani?

BiAmu aliandika:
Hapo naomba niseme, maana mimi ni mtu wa Lamu ingawa makazi ni Eastleigh siku nyingi.

Utendi huu haukuhifadhiwa na wanaume peke yao. Mwana Hashima mwenyewe aliishi maisha marefu sana, na kwa wanawake wa Amu na Pate shairi lilikuwa la kughaniwa, si la kabatini. Bwana Muhamadi Kijuma, mwandishi hodari wa Lamu, alinakili tendi nyingi kwa hati ya Kiarabu kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wakikusanya, hilo ni kweli. Alice Werner alilitoa kwanza 1917, kisha yeye na William Hichens wakalitoa tena 1934. Sasa angalieni: ile ya 1934 walilipa jina linalosema ni nasaha za Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Mama hakuuita hivyo. Aliuita wasia. Jina lile limewaelekeza wasomaji macho kwenye beti za mume mpaka leo, hata huyo dada wa kikao cha Pumwani nadhani limemfikia bila yeye kujua.

Mamangu analo daftari. Daftari la kawaida la mistari, la shule, amelivika kipande cha leso ili lisichanike, na ndani ameandika beti kwa hati ya Kiarabu kwa kalamu ya bluu. Karibu na mgongo wa daftari karatasi zimeng'oka, amezishona kwa uzi mweusi. Akikaa na bi harusi anafungua, lakini hasomi. Mkono uko juu ya ukurasa, macho yako kwa msichana. Na anapofika kwenye dua sauti hubadilika. Beti za mume anazipita kwa mwendo, tena kina mama wanachekacheka, wanaongezea yao. Kwenye dua hakuna anayecheka, wote huitikia amina. Kwa hiyo BintiMajengo nakuunga mkono kuhusu dini, na Wanjiru nakuunga mkono kwamba kuna kicheko ndani. Vyote viwili viko chumba kimoja.

Mwalimu_Kayole aliandika:
Bi Amu, hili ndilo darasa. Asante. Ungeweza kumrekodi mama akighani? Wanafunzi wangu wanausoma kimya kama barua ya benki.

BiAmu aliandika:
Nitamwomba, Mwalimu. Si rahisi kukubali, anasema shairi hili si la redio.

OtienoKibera aliandika:
Nimesoma uzi wote kuanzia juu na kuna jambo hamtaki kuligusa. Mwana Kupona anamwambia bintiye:

*Sitangane na watumwa*
*illa mwida wa khuduma*
*watakuvutia tama*
*la buda nimekwambia*

Asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kuhudumiwa. Basi tuulize, nani aliyekuwa akimpepea huyo mume? Nani aliyefagia hiyo nyumba nadhifu? Tunasema "fasihi ya wanawake kwa wanawake", lakini nyumbani mle mlikuwa na wanawake wengine ambao hawakuitwa waketi karibu. Wasia haukuwa wao. Mjadala wa kama utii kwa mume ni mbinu au imani ni mjadala wa mabibi. Mjakazi alikuwa na utii wa aina nyingine na hakuna aliyemwandikia utendi.

WanjiruK aliandika:
Otieno umepiga pale pale. Sina jibu la haraka.

UstadhSouthC aliandika:
Kaka Otieno, hoja yako ni ya haki na sitaikwepa. Ila tusome pia zama zake. Pate na Siyu zilikuwa jamii za watumwa, na kila mwenye hadhi alizungumza hivyo. Katika beti nyingine anamhimiza bintiye awe na huruma kwa watu na asimdharau mtu.

NoorEastleigh aliandika:
Ustadh, "kila mwenye hadhi" si kinga. Nana Asma'u pia alitoka nyumba ya watawala waliokuwa na mateka wa vita. Yeye hata hivyo alichagua kuwafikishia wanawake wa vijijini na hata mateka mafunzo yake. Mtaniambia alifanya hivyo ili kuwaingiza katika utawala mpya wa kaka yake, na huenda ni kweli. Lakini shairi lilimfikia mjakazi. Hilo ni tofauti kubwa.

MamaTeri aliandika:
Nami nauliza kuhusu kalamu. Mwana Hashima alijua kuandika? Maana Wazungu wa karne zile wanawake wengi walijua kusoma tu. Hannah More kule Uingereza aliandika hadithi nyingi za maadili kwa maskini kuanzia 1795, zikauzwa kwa senti chache, zikaenea kupita kiasi. Huyo huyo katika shule zake za Jumapili hakuruhusu maskini wafundishwe kuandika. Kusoma ndiyo, wasome Biblia. Kuandika hapana.

MsomajiNgara aliandika:
Ubeti wa tatu unajibu, Mama Teri: *ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi*. Njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Binti anaambiwa aje na vifaa. Mimi nasoma hapo kwamba mama alisema na binti akaandika.

Na linganisha na Unguja. Salme, binti wa huyo huyo Seyyid Said aliyepigana na Bwana Mataka, alizaliwa 1844. Katika kumbukumbu zake za 1886 anasimulia kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Akajifunza kwa siri, akiiga maandishi ya msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa Sultani anajificha na mfupa, na binti wa mpinzani wa Sultani anaambiwa na mamake alete wino! Kama hiyo si fahari ya Siyu sijui ni nini.

UstadhSouthC aliandika:
Inawezekana pia ni desturi ya utunzi. Tendi nyingi huanza kwa kuitisha wino na karatasi, hata mtunzi akiwa mwenyewe chumbani. Tusimjengee Mwana Hashima ofisi juu ya ubeti mmoja.

MsomajiNgara aliandika:
Desturi ipo, Ustadh, lakini hapa wino unaitishwa kwa mtu mwenye jina na umri. Sikubali kuuachia kirahisi hivyo.

MamaNgong_KKK aliandika:
Nimechelewa. Sisi wa Umoja wa Mama katika Kanisa Anglikana tulisomewa habari za Elizabeth Joceline, Mwingereza. Akiwa mjamzito alihisi hatapona, akanunua sanda yake kimya kimya, na akaandika barua kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Alijifungua mtoto wa kike Oktoba 1622, akafa siku ya tisa. Barua ikachapishwa 1624. Anaomba kwamba mtoto akiwa wa kike afundishwe Biblia, kazi za nyumbani, kuandika na matendo mema; elimu nyingine mwanamke haihitaji. Na yeye mwenyewe alilelewa na babu yake askofu, akasomeshwa vizuri!

Kwa nini mama msomi amnyime mwanawe elimu aliyoipata? Mimi nafikiri aliogopa kwamba binti asiye na mama, akiwa na elimu nyingi, hatapata mtu wa kumkinga na maneno ya watu. Hiyo ni hofu ya mzazi, si dini wala siasa.

BintiMajengo aliandika:
Mama Ngong, umenigusa. Hapo naona karibu na Mwana Kupona kuliko mifano yote. Mtu anayejua hatakuwepo husema lile la kumlinda mtoto, si lile analolipenda yeye.

WanjiruK aliandika:
Basi umekuja upande wangu 🙂

BintiMajengo aliandika:
Sijaja. Kumlinda mtoto na akhera yake pia ni kumlinda.

Kevo_Umoja aliandika:
Na wavulana je? Mbona hatuna akina mama walioandikia wana wa kiume? Kwetu najua Shaaban Robert aliandika Adili kwa binti yake, lakini huyo ni baba.

Mwalimu_Kayole aliandika:
Kevo, ni kinyume: Utenzi wa Adili ni kwa mwanawe wa kiume, na wa Hati ndio kwa bintiye. Usomapo Hati utamwona Mwana Kupona nyuma ya mlango. Ni baba anayeshika nafasi ya mama.

MsomajiNgara aliandika:
Mama aliyemwandikia mwana wa kiume yupo: Dhuoda, huko kusini mwa Ufaransa ya leo, kati ya 841 na 843. Mumewe alimpeleka kijana wao William, miaka 14, kwenye jumba la mfalme Charles kama rehani ya uaminifu, na mtoto wa pili akachukuliwa akiwa mchanga, hata kabla mama hajajua amepewa jina gani. Akaandika kitabu kizima cha sala na mwenendo. Naye anasisitiza utii: kwa Mungu, kwa baba, kwa mfalme. William aliuawa miaka michache baadaye katika vita vya wakubwa hao hao. Kwa hiyo utii haukuwa somo la mabinti tu, na haukumwokoa kila aliyeufuata.

OtienoKibera aliandika:
Mifano mizuri, lakini narudia: binti wa sultani, mke wa mtawala, mjukuu wa askofu, mama wa jumba la wakubwa. Nani anafahamu mawaidha ya mwanamke aliyekuwa jikoni?

NoorEastleigh aliandika:
Yapo kwenye nyimbo, Otieno. Za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za unyago. Hazikuandikwa kwa sababu hakuna aliyeitisha wino.

BiAmu aliandika:
Otieno, nimekaa na ubeti wako tangu asubuhi, nikampigia mama simu. Nimemuuliza kwa nini katika kughani kwake sijawahi kuusikia wa watumwa. Amesema anauruka. Anasema aliurithi kwa somo wake, mama aliyemfunda, ukiwa umerukwa, kwa sababu kwenye harusi huwezi kujua nani ameketi chumbani na bibi yake alikuwa nani.

OtienoKibera aliandika:
Mwambie mama ahsante kwa heshima hiyo. Lakini kwenye daftari umo?

BiAmu aliandika:
Umo.

OtienoKibera aliandika:
Basi usifutwe. Na Mwalimu, darasani usiuruke.

Mwalimu_Kayole aliandika:
Siuruki. Ila bi harusi si mwanafunzi wa kidato cha tatu, kaka. Mahali pengine mama yuko sahihi.

WanjiruK aliandika:
Hapo mimi na Otieno tuko pamoja dhidi yako, Mwalimu. Bi harusi ndiye hasa anayepaswa kuusikia.